Mkamwana wa Miti na Baba Mkwe wa Mabomba

Mzee Hezroni alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Kila aliporudi kutoka kazini, kabla hajafika mlangoni pa nyumba yake pale Kyela mjini, alisimama nje kwenye migomba, akakohoa, akasubiri, akakohoa tena. Maana yake ilikuwa moja tu: mkamwana, napita. Na Angetile, awe anachagua mchele au anavua viatu vyake vya kazini, aliinuka upesi akajibanza nyuma ya mlango wa jiko mpaka baba mkwe apite na kuketi kwenye kiti chake.

Ilikuwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, na wengi mjini walikwisha kuiacha. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki hata jina lake. Vijana wa siku hizi walikula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha za harusi wamekumbatiana. Lakini Mzee Hezroni, mzee wa kanisa na fundi mkuu wa mabomba ya maji, alilelewa hivyo, na hakuona kwa nini aache adabu kwa sababu tu majirani wameiacha.

Angetile hakuizoea upesi. Yeye alikuwa Mkisi wa Lyulilo, kule Matema chini ya milima, ambako mama yake Beatrice alifinyanga vyungu, na ambako yeyote aliyekuta watu wanakula alinawa mikono akakaa. Wiki za kwanza za ndoa alilia kwa siri. Akamwambia mumewe, Dickson, kwamba baba yake anamchukia.

Dickson alikuwa dereva wa lori la kakao, mtu wa kucheka. "Baba akikuchukia utajua," alisema. "Ataanza kukusalimia."

Polepole Angetile akaanza kuona. Siku alipopikwa mbasa, kichwa cha samaki huyo, ambacho kila mtu alijua Mzee Hezroni anakipenda kuliko mnofu, kilifika jikoni kwenye bakuli lenye kifuniko. "Cha yule mtu wako," mzee alimwambia mkewe, Mama Veronika. Mvua ilipovujia chumba cha Dickson na mkewe, mtu alipanda juu ya paa wakati Angetile yuko kazini, na aliporudi akakuta bati jipya limepigiliwa na hakuna aliyesema neno. Akaelewa kwamba ndani ya nyumba ile alikuwa na baba, ila baba wa upande wa pili wa ukuta.

Mambo yangeendelea hivyo miaka, kama si habari ya miti.

Angetile alikuwa afisa misitu wa halmashauri. Mji wa Kyela umezungukwa na kijani kila upande, mpunga, kakao, migomba, lakini barabara ya kutoka stendi kwenda sokoni ilikuwa uchi kama kiganja. Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijachanganya, jua lilikaa juu ya lami ile kama lina kesi na watu. Waendesha baiskeli walisubiri abiria wakiwa wamejifunika magazeti. Winnie, mama wa samaki wa kukaanga, alikuwa na mwavuli mmoja uliotoboka, na alikaa akizunguka nao kadiri jua lilivyozunguka, mpaka jioni akawa ameumaliza mduara.

Kitaluni Angetile alikwisha kuotesha miche ya kutosha barabara nzima. Kilichobaki ni ruhusa. Wakaitwa wote ofisi ya kata: wafanyabiashara, watu wa umeme, watu wa barabara, na kwa niaba ya maji, Mzee Hezroni.

Alipomwona mkamwana wake ameketi mbele, mzee aligeuza kiti chake kikatazama dirisha. Angetile naye akashusha macho kwenye meza. Mwenyekiti, Bwana Ambrose, mtu mnene mwenye mbuzi wengi na subira kidogo, aliwatazama wote wawili akakuna kichwa.

"Haya, fundi, tuanze na maji. Unasemaje?"

"Mwenyekiti," Mzee Hezroni aliliambia dirisha, "mwambie mtaalamu wa miti kwamba bomba kubwa linapita barabara ile ile, upande wa maduka, pembeni kabisa mwa lami. Mti haulali. Usiku wewe unakoroma, mzizi unatembea. Mimi nimetoa kwenye mabomba mizizi mirefu kama mkia wa ng'ombe."

"Mtaalamu, umesikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti. Mwambie..." Angetile akasita, maana jina halitamkiki. "Mwambie mwenye mabomba kwamba mzizi hauna meno. Bomba zima hauliingii. Unafuata unyevu, ukiukuta unavuja ndipo unaingia. Na hapa kwetu ukichimba kina cha magoti tu unakuta maji. Mti wa Kyela una kiu gani mpaka uvunje bomba?"

"Mwambie Agosti aje aone kama atakuta maji magotini!"

"Mwambie mabomba yasiyovuja hayana cha kuogopa Agosti!"

Kicheko kikaanzia kwa watu wa umeme kikaenea. Mfanyabiashara mmoja akasimama akapendekeza ipandwe mikuyu, kwa sababu kivuli cha mkuyu kinatosha soko zima.

"Hapana!" walisema Mzee Hezroni na Angetile kwa sauti moja, mmoja akilitazama dirisha na mwingine akiitazama meza.

Bwana Ambrose akafunga kikao. "Ninyi ni watu wa nyumba moja. Nendeni mkaelewane, mniletee neno moja. Mkishindwa, miche itakwenda Itungi, kule hawana ugomvi."

Ndivyo kazi yote ilivyomwangukia Mama Veronika.

Jioni ile Mzee Hezroni alikaa sebuleni na ndizi zake za mbalaga, Angetile akakaa jikoni na zake, na Mama Veronika akawa anapita kati ya milango miwili na sahani yake mkononi, hapati hata nafasi ya kutafuna.

"Mwambie mtu wako," alisema mzee, "akipanda mche hata mmoja upande wa maduka, nitaung'oa kwa mikono yangu hii."

Mama Veronika akavuka ukumbi. "Baba anasema, upande wa maduka uangalie vizuri, mwanangu."

"Mwambie tata," alisema Angetile, akimwita baba kwa lugha ya nyumba ile, "kwamba upande wa pili kuna mtaro na nguzo za umeme, hapapandiki. Ni upande wa maduka au basi. Nitasogea mbali na lami, nikaribie baraza za maduka, bomba lake nisiliguse. Lakini asinikatalie tu kwa sababu amezoea kukataa."

Mama Veronika akavuka tena. "Anasema amekuelewa. Bomba lako hataligusa."

Mzee akaacha kutafuna. Hakutegemea ushindi wa haraka namna ile. "Kweli? Basi ni binti mwenye akili. Mwambie ndaga fijo."

"Baba anakushukuru sana," Mama Veronika alisema jikoni, na hilo angalau lilikuwa la kweli.

Angetile akalala na furaha. Mzee Hezroni akalala na furaha. Mama Veronika alilala akitazama dari, akiomba Mungu ailete mvua kubwa inyeshe mpaka watu wasahau miti. Lakini asubuhi kukapambazuka kweupe, na Mzee Hezroni akampelekea mwenyekiti neno: tumeelewana. Hakusema wameelewana nini.

Siku ya kuchimba mashimo ilipofika, kikundi cha vijana kilikuja na majembe na sururu, kikiongozwa na Jubilate, kijana mwenye kifua kipana na sauti ya kwaya. Angetile akawaonyesha mstari, karibu na baraza za maduka, mbali na lami. Mashimo ya kwanza yalikwenda vizuri, udongo mweusi ukirundikwa pembeni, wenye maduka wakitoka kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wakafika mbele ya Winnie.

"Mimi nataka mti wangu uwe hapa hapa," Winnie alisema akikanyaga mahali. "Nikinyoosha mguu, mguu uwe kivulini."

Jubilate akainua sururu, akaimba mstari wa wimbo wa kanisani, akaishusha.

Ardhi ikalia *pwaa*. Kisha maji yakatoka. Hayakutoka kama yanavyotoka bombani nyumbani kwa mtu. Yalisimama wima kama mnazi, yakapita mwavuli wa Winnie, yakagonga ubao wa duka la nguo, yakarudi chini kama gharika. Karai la mafuta likageuka, bahati njema lilikuwa limekwisha kuepuliwa motoni na kupoa. Samaki waliokwisha kukaangwa wakaelea barabarani wakielekea stendi, na waendesha baiskeli wakawafukuza. Watoto wakatokea kusikojulikana, tayari wamevua mashati.

"Nani ana simu ya fundi?" Angetile alipiga kelele. Kila mtu alikuwa nayo. Mzee Hezroni alipigiwa na watu wengi kiasi kwamba simu yake haikupatikana, lakini hakuhitaji simu. Alikuwa ng'ambo ya soko akirekebisha mita, na aliiona ile nguzo ya maji juu ya mapaa ya bati, akajua ni yake.

Alifika kwa baiskeli, kofia yake ya pama ikipepea, boksi la vifaa likigonga nyuma. Wasaidizi wake wote walikuwa wamekwenda Itungi. Akatupa baiskeli, akachukua ukanda wa mpira, akaruka shimoni, maji yakamfika kifuani na kumpiga usoni. Akalikumbatia bomba kama mtu anayeshika nguruwe asiyetaka kuchinjwa.

"Koki!" alipiga kelele. "Ng'ambo ya barabara, kwenye chemba! Fungeni koki!"

Watu walikimbilia ng'ambo ya barabara. Wakafunua chemba, wakatazama ndani, wakatazamana. Mmoja akasema ivutwe juu. Mwingine akasema si hiyo, hiyo ni ya simu. Jubilate akaleta sururu, na Mzee Hezroni alipoiona ile sururu ikielekea kwenye koki yake, roho ikamruka.

"Acha! Usiguse!" Akageuza kichwa huku na huku ndani ya maji, akatafuta katika umati ule uso mmoja wenye akili, akauona. "Angetile! Chukua spana kubwa kwenye boksi! Kaifunge wewe!"

Angetile aliganda kidogo. Hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Kisha akanyakua spana, akavuka barabara mbio na gauni limemng'ang'ania miguuni, akaingia chemba.

"Nimeishika!"

"Zungusha kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kulia kwa Mungu, mwanangu, wewe zungusha!"

Akazungusha. "Inakaza, tata!"

"Iache ikaze! Ndivyo inavyofunga! Endelea!"

Aliendelea, akaiegemea spana kwa uzito wake wote. Mnazi wa maji ukashuka ukawa mgomba, ukashuka ukawa kisima, ukashuka ukawa kijichemchemi. Angetile akarudi mbio, na bila kufikiri akateremka shimoni, akashika ncha ya mpira huku mzee akiuzungusha kwenye jeraha la bomba na kufunga waya. Vichwa vyao viligongana. "Kaza hapo. Usilegeze. Lete kidole hapa." "Hapa?" "Hapo hapo." Tope lilikuwa limewafika viwikoni.

Maji yakakoma kabisa. Ndipo Winnie, aliyekuwa amesimama juu ya kigoda chake na samaki mmoja mkononi, akasema polepole, "Eh, mzee. Si ni mkamwana wako huyo?"

Mzee Hezroni akatazama. Angetile naye akatazama, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, karibu kiasi cha kuhesabu kope. Na alichokiona kilimshangaza: ilikuwa sura ya Dickson, pua ile ile, mwanya ule ule, ila imekaa juani muda mrefu zaidi.

Mzee akakumbuka adabu. Akavua kofia upesi akajifunika nayo uso. Kofia ilikuwa imejaa tope. Tope likamshukia taratibu kwenye nyusi, likapita puani, likaingia mdomoni.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Watu walibana vinywa, mabega yakawatikisika. Kisha chini ya kofia ile ikasikika sauti kama ya injini inayokataa kuwaka, ikakataa, ikakataa, ikawaka: Mzee Hezroni alikuwa anacheka. Hapo barabara nzima ikacheka. Angetile alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Walipotulia, mzee alilitazama bomba na uso wake ukabadilika. "Lakini hili limefikaje huku? Nilisema pembeni mwa lami. Na huko mbele liko pembeni mwa lami."

"Nami niliamini," Angetile alisema. "Sikuchimba kwanza kutafuta. Ilinipasa nichimbe taratibu kwa koleo kabla ya kuleta sururu."

"Walilipindisha," mzee alisema, akikwangua udongo kwa vidole. "Tazama. Palikuwa na kisiki kikubwa hapa, wakakikwepa. Kimeoza, kimebaki unga." Akaendelea kukwangua mpaka kwenye kiungo cha bomba, akasimama. "Aha! Njoo uone hiki."

Kiungoni palikuwa na mzizi, mwembamba, mwekundu, umejisokota. Ulitoka kwenye mkuyu wa nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, ukapita chini ya maduka yote yale. Mzee akauvuta, ukatoka umejaa manyoya kama mkia.

"Umeona? Nilisema nini?"

Angetile akainama, akagusa kiungo, akamwonyesha pete ya mpira iliyopasuka. "Hii imepasuka zamani, tata. Palivuja, ndipo mzizi ukaja. Haukuvunja kitu."

"Na ulipokuja ukafanya nini?"

Angetile akafikiri. "Ukaziba."

"Haya basi."

"Haya basi," naye akasema. Wakatazamana tena, wakakumbuka tena, mzee akageukia duka la nguo na kulisemesha. Lakini hakuvaa ile kofia.

Nyumbani, Mama Veronika alikuwa amekwisha kusikia yote. Kyela habari hazipandi baiskeli, zinaruka. Alikuwa amechinja jogoo. Aliwakuta mumewe na mkamwana wake wamesimama mlango wa mbele na mlango wa nyuma, wote wakichuruzika, akawaita wote wawili waingie, mzee ukumbini, Angetile jikoni, naye akasimama katikati.

"Mimi nataka kuuliza jambo moja," alisema Mzee Hezroni kwa ukali. "Si alisema hatapanda upande wa maduka?"

"Mimi?" Angetile aliuliza kutoka jikoni. "Si alikubali nipande mbali na lami?"

Wote wakamgeukia Mama Veronika, mmoja kwa uso, mwingine kwa sikio.

Mama Veronika akaweka mwiko chini. "Niliyapunguza makali," alisema. "Wewe ulisema utang'oa. Wewe ulisema amezoea kukataa. Ningeyapeleka maneno yenu yakiwa mabichi hivyo, nyumba hii ingekuwa na nyufa leo. Nikayapika kidogo. Labda niliyapika yakaiva mno. Lakini nawauliza, mimi ni mtu au ni bomba? Huyu anamimina huku, huyu anakinga kule, na kikivuja ni kosa langu! Kazi hiyo nimeiacha. Kuanzia leo nimestaafu. Anayetaka kusema, aseme mwenyewe."

Mzee Hezroni akakaa chini. Akabandua tope lililoanza kukauka kwenye kofia yake. Angetile alijua kwamba mtu wa umri ule haombwi aache alivyolelewa kama anavyoombwa chumvi.

"Mama yangu," mzee alisema mwishowe, "aliishi na babu yangu, baba mkwe wake, katika ua mmoja mpaka babu akafa, na hawakuwahi kutazamana. Na siku babu alipokufa, hakuna aliyelia kama yeye." Akaiweka kofia gotini. "Siwezi kuiacha yote. Lakini bomba likipasuka, siwezi kulisemesha dirisha." Akainua sauti kidogo, kuelekea jikoni. "Kazini tutasema. Nyumbani nitakohoa. Unaonaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza mzee kumuuliza kitu ndani ya nyumba ile. "Naona vizuri, tata," Angetile alijibu. "Ndaga."

Na Mama Veronika akaketi akala jogoo wake, paja zima, bila kuinuka hata mara moja.

Kuanzia siku iliyofuata watu waliwaona wawili wale barabarani pamoja, mzee mbele na koleo, Angetile nyuma na fito za kuchomeka. Hawakugusa sururu tena. Walichimba vishimo vyembamba taratibu, wakalitafuta bomba linapopita, wakachomeka ufito juu yake, wakasogea, wakachimba tena. Mara lilikuwa pembeni mwa lami, mara limejisogeza kama mtu aliyekuwa na njaa akanusa harufu ya mgahawa. Mwisho barabara nzima ilikuwa na mstari wa fito uliopindapinda, na sasa hata Winnie alijua bomba liko wapi. Penye nafasi kubwa walikubaliana mizambarau. Penye nafasi ndogo, mipera, mti mdogo usio na makuu. Mbele ya Winnie hapakuwa na nafasi hata ya mchicha, na Winnie akahama na kigoda chake mpaka kwenye shimo la mzambarau, akiwalaani wote kwa upendo.

"Lakini Agosti," alisema mzee. "Bado tuna Agosti. Kiu ikiishika miti, itakwenda kwenye bomba langu."

"Basi tuipe maji upande mwingine," alisema Angetile. "Chungu. Kisichopakwa kitu, kinachotoa jasho. Tunakifukia kando ya mti, upande usio na bomba, tunakijaza maji, kinavujisha kidogo kidogo. Mzizi utakumbatia chungu, hautakuwa na safari."

Mzee akalifikiria hilo. Maisha yake yote alikuwa amepigana na vitu vinavyovuja. "Yaani unataka tufukie kitu kinachovuja kwa makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Mh." Kisha akatabasamu na mwanya wake. "Mama yako yupo Jumamosi?"

Walikwenda Matema kwa lori la Dickson, mzee mbele, Angetile na Mama Veronika nyuma juu ya magunia matupu, kwa sababu adabu ni adabu. Ziwa lilikuwa limetulia, milima imeingiza vichwa mawinguni. Mama Beatrice alikuwa ufukweni anasugua chungu kwa jiwe laini, na aliposikia shauri lao akaacha mkono hewani.

"Mnataka vyungu vyangu vipya, vizuri, mkavizike?"

"Kwa heshima zote, mama," alisema Mzee Hezroni.

"Watu huzika waliokufa. Hivi havijapika hata ugali." Lakini alikuwa amekwisha kuinuka, akigonga kimoja kwa kidole, akisikiliza, akichagua vile vyenye shingo nyembamba. Akawapa na vingine vya juu ya hesabu, akasema ni vya mazishi ya ziada.

Mvua ziliposhika, miti ikapandwa. Kwaya ya Jubilate iliimba, Bwana Ambrose akahutubia mpaka akalowa, na wenye maduka wakagombania mche upi ni wa nani. Mzee Hezroni hakuhutubia. Alipita kutoka shimo hadi shimo akipima kwa kiganja umbali wa kila chungu, na kila alipomaliza aliukanyagia mche udongo kwa upole, kama anayemfunika mtoto shuka.

Agosti ikaja na vumbi lake. Jioni moja Angetile alikuwa anarudi kutoka kitaluni alipoona watu wamekusanyika karibu na soko, na katikati yao sauti anayoijua ikinguruma. Mbuzi dume, mkubwa, mwenye ndevu, alikuwa amefungwa kwenye mpera, na majani ya chini yote yalikuwa yameshaingia tumboni mwake. Mbele ya mbuzi alisimama Mzee Hezroni, mikono kiunoni. Mbele ya Mzee Hezroni alisimama mwenyekiti mwenyewe, Bwana Ambrose, akifuta jasho.

"Ni dakika moja tu, fundi. Nimeingia dukani mara moja."

"Dakika moja! Unajua mti huu umelala macho mara ngapi ili ufike hapa? Unajua mizizi yake iko wapi sasa hivi? Mimi najua! Iko hapa, inajinywea taratibu, imetulia, haimsumbui mtu. Na wewe unaleta ndevu!"

"Lakini fundi, wewe si mtu wa maji?"

"Mimi ni mtu wa maji. Na maji haya ninayaleta mwenyewe kwa ndoo!"

Angetile akajipenyeza katikati ya watu. Baba mkwe alimwona, na kwa kuwa wako barabarani, na barabara ni kazini, hakukohoa.

"Angetile, mwambie huyu," alisema akihema. "Wewe ndiye mtaalamu. Mimi nimeishiwa maneno mazuri."

Angetile akamtazama mwenyekiti, akamtazama mbuzi, ambaye alikuwa ameanza tawi jingine. Akainama akafungua kamba, akamkabidhi Bwana Ambrose mkononi.

"Mwenyekiti," alisema kwa adabu kubwa, "baba anasema, mbuzi wako uwe unamwangalia vizuri."

"Sikusema hivyo!" akanguruma mzee nyuma yake.

"Najua, tata," alisema Angetile. "Nimeyapika kidogo."